Sakafu Ikikauka

Ijumaa, saa 4:00 asubuhi

Ogweno alipanga vizibo vya soda mezani. Kimoja geti. Kimoja stoo. Kimoja mlinzi.

"Kesho Jumamosi wafanyakazi wanatoka saa sita na nusu," alisema. "Saa saba na dakika arobaini mnaingia. Saa nane kamili mmetoka. Saa nane na robo gari liko hapa, nyuma ya mabati. Nani hajaelewa?"

Ogweno alikuwa pande la mtu kutoka Shirati, sauti yake ya upole, na hakupenda maswali. Magari ya mtumba aliyauza mchana katika yadi hiyo ya Nyakato, risiti mkononi. Biashara zake nyingine hazikuwa na risiti.

Chumba walichokaa kilikuwa ofisi ya karani wa pamba enzi za ushirika. Ushirika ulipokufa na kila kitu kikawekwa sokoni, watu walipewa barua wakaambiwa warudi makwao. Ogweno akaikodi yadi. Alikuta geti, bomba la maji, na Malimi.

Huyo Malimi ndiye tutakayekwenda naye. Mtu wa miaka arobaini na tatu, mwembamba, viganja vimechubuka. Kazi yake tangu ujana ilikuwa kuosha zege. Cheka tu kama unataka, hata Salehe alicheka. Lakini msimu wa pamba malori yalikuwa yakiingia pale yameshiba mzigo, yanakata kona, yanafunga breki, na matairi yanaacha weusi ulioshikana na saruji utadhani umepakwa lami. Meneja wa wakati huo alitaka sakafu inayong'aa kila wageni wakija. Malimi aliijua dawa. Mafuta ya taa kidogo ya kulainisha mpira. Kostiki ile ya kupikia sabuni. Unaacha nusu saa, huna haraka. Kisha brashi ya waya na maji ya moto. Na huoshi doa hata siku moja. Unaosha sakafu nzima, ukuta hadi ukuta, maana doa ukiliosha peke yake umeondoa jeusi ukaweka jeupe.

"Huyu wa nini kwenye dili?" Salehe aliuliza. Salehe ndiye aliyekuwa akitembea na bastola, na mtu akiwa na bastola huona wengine wote ni mizigo. "Tunakwenda kuiba au tunakwenda kufanya usafi?"

"Vyote," Ogweno alisema. Akaelekeza kidevu dirishani. Kule mwisho wa yadi kulikuwa na ukuta wa mabati uliopakwa rangi ya kijivu. Mabati manne ya katikati yalifunguka kama mlango, na nyuma yake kulikuwa na ghala ambalo polisi walishalipita mara mbili bila kulijua. "Yadi ya magari ina alama za matairi, hilo halimshangazi mtu. Lakini alama inayoingia chini ya ukuta isitokee upande wa pili, hata mtoto wa darasa la kwanza ataiuliza. Gari likishalala humo, Malimi anaosha. Polisi watakuwa wanahangaika kwenye kivuko cha Kamanga, wakidhani mali imevuka kwenda Sengerema."

"Nahitaji saa tatu," Malimi alisema.

"Utapata."

Mali yenyewe ilikuwa mabondo. Kama humjui sangara, bondo ni kile kifuko cha hewa tumboni mwake. Likikaushwa linafanana na ngozi mbovu, na Wachina wanalilia. Miaka ile samaki mwenyewe alikuwa anapanda ndege kwenda Ulaya, watu wa hapa wakabaki wanagombania vichwa na mifupa, lakini bondo lilikuwa linafungiwa stoo kwa makufuli matatu.

Makufuli hayo funguo zake alikuwa nazo Moza, karani wa stoo ya kiwanda cha samaki, mama mtu mzima wa Kirumba mwenye sauti ya taratibu. "Bosi anangoja wakaguzi wa kizungu Jumatatu," alisema. "Kaniambia nitafute watu wa kuosha sakafu ya kupakilia. Nimemwambia nimewapata. Madramu yenu yatakuja na maji, yataondoka na mabondo. Mlinzi ni mmoja, mzee Aloo. Ana rungu na filimbi."

"Dereva?" Ogweno aliuliza.

"Niko hapa," Luhaga alisema, na akacheka vile alivyokuwa anacheka siku zote, kama vile maisha hayajamfanya kitu.

Luhaga alikuwa mdogo wake Malimi, tumbo moja, wa mwisho kuzaliwa. Alikuwa dereva wa lori la ushirika, naye akapewa barua. Mwaka mzima alikaa bila kazi, kisha akaanza kumwendeshea Ogweno magari yasiyo na risiti. Mama yao huko Magu alipata habari. Malimi alipokwenda kumsalimia wakati wa kuvuna mpunga, mama hakumpa hata maji. Alisema neno moja: usikanyage tena hapa bila mdogo wako. Ndiyo sababu pekee Malimi alikuwa amekaa katika chumba kile.

"Na ahadi yetu?" Malimi alimuuliza Ogweno.

"Luhaga akishalaza gari, tumemalizana. Mchukue mkalime."

Walipotoka nje Malimi alimvuta mdogo wake pembeni. "Ingia taratibu kesho. Ukifunga breki unanichorea barabara."

"Kaka, nimeendesha malori tangu nina miaka kumi na tisa."

"Ndiyo maana nakwambia."

Baadaye alimpa Salehe brashi amfundishe, maana kesho yake wangetakiwa waonekane waoshaji kweli. Unaanzia ndani kabisa, unarudi kinyumenyume kuelekea mlangoni. Hukanyagi ulipoosha. Unavaa mabuti ya mpira.

"Thubutu!" Salehe alisema. "Mimi nifundishwe kudeki na wewe?" Akaitupa brashi kwenye ndoo.

Jumamosi, saa 7:40 mchana

Pick-up ya bluu ilisimama mbele ya stoo, Igogo, ziwani kabisa. Jua kali. Harufu ya samaki hadi kwenye meno.

Mzee Aloo alifungua geti. Malimi, aliyekuwa nyuma pamoja na madramu, alimwona mzee kabla ya kuona kingine. Kisha akaona kingine. Mzee hakuwa na rungu. Alikuwa na bunduki ya marisau, mpya, bado inameremeta mafuta ya dukani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ninyi ndio waoshaji?"

"Ndio sisi."

"Osheni vizuri. Hao wazungu wanainama hadi chini kunusa." Akaigonga bunduki kwa kiganja, kwa fahari. "Hata mimi wamenivalisha. Jana jioni wameniletea hii."

Moza alikuwa amesimama mlangoni mwa stoo. Midomo imekauka. Hakuwa amejua, ilionekana wazi, na sasa hapakuwa na namna ya kusema.

Saa 7:46. Luhaga na Moza waliingia stoo na madramu. Malimi akaenda kona ya ndani ya sakafu, akamwaga maji, akaanza kusugua akirudi nyuma. Mikono ilikuwa inaifanya kazi yenyewe. Moyo ulikuwa kwenye ile bunduki.

Saa 7:52. Dramu la kwanza likatoka, likapakiwa. La pili. Mzee Aloo alikaa kwenye kreti akiwatazama. Alimtazama Malimi kidogo tu. Kisha akaanza kumtazama Salehe, na hakuacha.

Salehe alikuwa ameanzia mlangoni. Alikuwa anasukuma povu kuelekea ndani, akilikanyaga, na miguuni amevaa viatu vya ngozi vyenye kamba.

"Wewe kijana," mzee alisema.

"Nini?"

"Mimi nimelinda hapa tangu sakafu hii inamwagwa. Muoshaji anaanzia ndani anatoka nje. Wewe unaanzia nje unaingia ndani. Na hivyo viatu ni vya harusi?"

Malimi alitaka kucheka, apooze mambo, aseme huyu ni mgeni kazini, mzee, tumsamehe. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini mkono wa Salehe ulikuwa umeshakwenda kiunoni.

Mjinga! Mjinga kabisa! Mzee alinyanyuka, bunduki ikalia. Wakati ule ule Salehe aliteleza kwenye sabuni yake mwenyewe akaanguka chali, na marisau yote yakampita juu. Nyuma yake Luhaga alikuwa ndiyo anatoka mlangoni akivingirisha dramu la tatu.

Saa 7:55. Salehe alimpiga mzee kwa kitako cha bastola. Mzee akalala kwenye povu, anakoroma, hai. Moza alijifungia stoo akaanza kupiga kelele za kuibiwa, kama walivyopanga, ila sasa kelele zilikuwa za kweli. Luhaga alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili.

"Si kitu, kaka," alisema. "Yamenikwaruza tu."

"Salehe, shika usukani."

"Sijui gari mimi."

Malimi naye hakuwahi kushika usukani maishani mwake. Kwa hiyo Luhaga ndiye aliyeendesha. Alipanda mwenyewe, akawasha mwenyewe, na kiti chini yake kikaanza kulowa. Malimi alikaa pembeni yake amemkandamiza tumbo kwa shati la Luhaga mwenyewe, Salehe mlangoni.

Saa 8:03 walipita chini ya kilima cha Bugando. Hospitali ilikuwa pale juu, madirisha yanaonekana.

"Kata kona," Malimi alisema. "Luhaga, panda hospitali. Sasa hivi."

Kitu cha baridi kikamgusa shingoni. "Nyakato," Salehe alisema.

"Atakufa!"

"Sisi tutanyongwa. Nyakato."

Luhaga alinyoosha usukani. Alipita. Malimi aliona kilima kikirudi nyuma kwenye kioo cha pembeni, na alimchukia Salehe kwa chuki ambayo hakujua kama anayo, na akajichukia mwenyewe zaidi, maana yeye ndiye mkubwa na hakuurukia usukani.

Saa 8:16 mchana

Ogweno alikuwa amefungua geti, na kule mwisho mabati manne yalikuwa wazi. Luhaga aliingia kasi mno. Labda hakuona vizuri. Labda mguu ulikuwa umeshakufa ganzi, ukaangukia breki kwa uzito wote. Matairi yakalia. Gari likasota kutoka katikati ya yadi moja kwa moja hadi ndani ya ghala, na likazimika.

Salehe aliruka chini, Ogweno akamvuta Malimi nje kwa ukosi, akamwacha Salehe ndani, akasukuma mabati yakafunga. Komeo likaanguka. Yote hayo kabla Malimi hajapata pumzi.

"Mdogo wangu yumo!"

"Najua."

"Kapigwa! Anataka daktari!"

"Atampata. Tazama huko kwanza."

Malimi alitazama. Michirizi miwili, myeusi, minene, hatua ishirini za zege, ikaenda ikapotea chini ya mabati. Magari ya kuuza yalikuwa matatu tu wiki hiyo, yasingefunika hata nusu yake.

"Osha. Ukimaliza, polisi wakishapita, nampeleka hospitali kwa gari langu mwenyewe. Ukipiga kelele, Salehe yumo naye. Umenielewa?"

"Nimwone kwanza."

"Hakuna kufungua." Ogweno alisogea kwenye mabati. "Luhaga! Gonga, kaka yako akusikie!"

Kimya. Ogweno akapiga bati teke. "Nimesema gonga!"

Kimya tena, kirefu. Kisha ikasikika kutoka ndani. Ko. Ko. Ko.

Malimi alikimbilia bati akaliwekea kiganja. "Luhaga! Vumilia mdogo wangu!"

Ko. Ko. Ko.

"Umesikia mwenyewe," Ogweno alisema. "Anaongea na wewe. Kila dakika unayosimama hapa unampunguzia yeye uhai."

"Saa tatu ni nyingi. Mafuta ya taa yanataka..."

"Huna saa tatu. Una nusu saa." Ogweno alikuwa ameshaleta dumu la tindikali ya betri kutoka ofisini. "Hii inakula kila kitu. Mwaga kwenye alama."

"Bosi, ukiosha alama tu..."

"Alama tu! Nani kakwambia uoshe uwanja? Kuna mtu anakufa na wewe unanifundisha kudeki?"

Malimi alifungua dumu. Alimwaga. Povu jeupe likapanda, moshi ukamchoma macho, na weusi ukaanza kuachia. Alisugua kwa brashi ya waya akiwa amepiga magoti, michirizi miwili, mmoja baada ya mwingine, akirudi kinyumenyume kutoka ukutani kuelekea getini. Kila mara alisimama kusikiliza. Jirani kulikuwa na fundi wa majiko anayegonga mabati kutwa nzima, lakini sikio la Malimi lilizichagua zile tatu. Ko. Ko. Ko. Akasugua kwa nguvu zaidi. Akaisafisha saruji kama hajawahi kusafisha.

Saa 8:44 alivuta mpira wa maji, akalowesha yadi nzima. Zege likawa jeusi kwa maji kote, sawasawa. Hapakuwa na michirizi.

"Unaona?" Ogweno alisema. "Saa tatu! Ulikuwa unawaibia wale mameneja."

Malimi aliitazama sakafu akajua anachokiona. Zege likilowa husitiri. Sakafu hii ilikuwa na mafuta na vumbi la tangu ushirika ulipokufa, ya kijivu cha kuzeeka, na yeye alikuwa ameichuna katika mistari miwili hadi kwenye saruji mpya. Ikikauka, mistari ingetoka myeupe, imenyooka, hadi chini ya bati. Kwa jua lile, dakika arobaini. Hakumwambia Ogweno. Alijaribu kumwambia mara moja, akafokewa, basi.

Saa 8:51 mchana

Landrover ya polisi ilisimama nje ya geti. Akashuka Inspekta Bernadeta, mwanamke mfupi, mnene kidogo, anayetembea polepole, na askari watatu.

"Habari za kazi, Ogweno."

"Nzuri, afande, karibu sana."

"Natafuta pick-up ya bluu. Muuza machungwa pale barabarani anasema imekata kona kuja huku."

"Huku kuna yadi sita, afande. Jionee."

Walijionea. Walipita juu ya zege lililolowa, wakachungulia chini ya magari, wakafungua ofisi, wakazunguka choo. Mmoja aliegemea kabisa mabati ya kijivu akifunga kamba ya buti. Malimi alisimama na ndoo yake. Angetamka maneno matatu tu na yote yangekwisha, lakini nyuma ya bati lile alikuwepo Salehe na bastola, na Luhaga anagonga.

"Mnaosha leo?" Inspekta aliuliza.

"Wateja Jumatatu, afande."

"Haya." Alifunga daftari. "Twende yadi ya pili."

Hapo ndipo ilipomjia. Si wazo kubwa. Alikuwa mtu wa sakafu, akafikiri kisakafu. Yeye haruhusiwi kusema, lakini zege lingesema lenyewe kama watu hawa wangekaa. Alichukua dumu, akatembea hadi getini, na mabaki yote ya tindikali akayamwaga kwenye kizingiti, upana mzima. Povu likafuka.

"Samahani afande!" aliita. "Ndiyo nimemwaga dawa ya mwisho hapa getini. Inakula buti. Subirini itulie kidogo."

Askari wa mbele aliruka nyuma akitazama povu. "Ebo! Dawa gani hii?"

"Ya kung'oa weusi wa matairi, afande."

"Muda gani?" Inspekta aliuliza.

"Nusu saa hivi. Nikiimwagia maji sasa inaruka, itawapata miguuni."

Uongo mtupu. Ogweno alimtazama Malimi kwa jicho ambalo lingemzika. Lakini angesema nini? Angesema piteni tu muungue? Alikuwa mfanyabiashara mwenye heshima zake. Akapiga makofi, akacheka, akaagiza soda.

Saa 9:04. Walikaa barazani mwa ofisi, kivulini. Inspekta aliulizia Korola nyeupe, mume wake anaitaka. Ogweno akamweleza injini. Ko, ko, ko, kule mwisho. "Fundi majiko," Ogweno alisema, "hatuna usingizi hapa."

Saa 9:12. Ukingo wa sakafu ulianza kukauka.

Saa 9:17. Malimi hakusikia kitu. Alihesabu pumzi zake. Gonga mdogo wangu. Gonga, nakuomba, sakafu inakauka. Kisha: ko. Ko. Ko. Machozi yakamtoka, akajifuta kwa bega akasingizia tindikali.

Saa 9:23. Katikati ya yadi, pale jua lilipokuwa kali zaidi, kijivu kilirudi. Na ndani ya kijivu, vipande viwili vya weupe, kila kimoja upana wa tairi.

Ogweno aliviona. Chupa ilisimama njiani kuelekea mdomoni. "Malimi," alisema kwa sauti ile ile ya upole, "mwagia maji pale. Kuna vumbi."

Malimi alinyanyua ndoo iliyojaa. Akatembea nayo mbele yao wote hadi pembeni. Akaimwaga kwenye mtaro.

"Malimi!"

"Maji yamekwisha, bosi."

Ogweno alinyanyuka. "Kaa chini," Inspekta Bernadeta alisema, bila kumtazama. Yeye alikuwa anatazama sakafu. Weupe ulikuwa unarefuka mbele ya macho yao, mistari miwili, kama mtu anaichora kwa chokaa taratibu. Aliweka soda chini. Akasimama juu ya mstari mmoja na kuufuata hatua kwa hatua, jua likikausha mbele yake, hadi pua yake ikakaribia bati. Akainama. Mstari uliendelea chini.

"Ogweno," alisema. "Gari gani hili linapita ukutani?"

Ogweno alikimbia. Alifika hatua nne, askari wakamlaza.

"Kuna mgonjwa humo!" Malimi alikuwa anapiga kelele sasa, sauti yote aliyoizuia tangu saa nane. "Ni mdogo wangu! Salehe, polisi wako hapa, usimguse! Mkimbizeni Bugando, afande, tafadhali, anapumua, amegonga sasa hivi!"

Komeo likavunjwa. Salehe alitoka mikono juu, bastola ameitupa. Hakuwa shujaa hata kidogo. Mkono wa kulia ulikuwa bado umeshika spana ya magurudumu, kama aliyesahau kuiweka chini.

Malimi alimpita akaingia.

Luhaga alikuwa amelazwa sakafuni kando ya gari, amenyooshwa. Macho yalikuwa yamefumbwa. Taya lilikuwa limefungwa kwa kitambaa hadi utosini, na vidole gumba vya miguu vimefungwa pamoja kwa kamba ya kiatu. Viatu vya Salehe havikuwa na kamba. Damu kwenye suruali ilikuwa imeganda na kuwa ya kahawia. Malimi alimshika shingoni, akamshika mkono. Hapakuwa na mapigo, na mkono ulianguka mzito alipouachia.

"Alikuwa anagonga," alisema. Akamgeukia Salehe. "Alikuwa anagonga sasa hivi!"

Salehe alitazama chini. "Alikata roho gari lilipozimika. Mimi ndiye niliyemfunga taya. Ogweno alipopiga teke nikajua anataka nini." Akaitazama spana. "Ungeosha, kama ungejua?"

Malimi hakumrukia. Hapakuwa na nguvu hiyo. Alikaa chini pale pale, akamweka mdogo wake kichwa mapajani, na akalia kama wanavyolia wanawake msibani kwao, kwa sauti, bila kuona haya mbele ya askari.

Saa 10:10 jioni

Walifungwa pingu watatu. Moza alikuwa ameshakamatwa kule Igogo. Mzee Aloo, walisema, alikuwa ameshonwa nyuzi tano na anauliza kama bunduki yake imepona.

Inspekta alikuwa anaandika. "Wewe ndiye umeosha. Hii mistari ulijua itatoka?"

"Nilijua, afande."

"Kwa nini hukusema tulipofika?"

"Nilidhani wangemmaliza."

Aliandika na hilo, akafunga daftari. Askari mmoja alikuwa anasugua weupe kwa ncha ya buti. "Hii nayo inatokaje?"

"Haitoki," Malimi alisema. "Saruji imeliwa."

Walimtoa Luhaga kwenye machela, amefunikwa shuka la Landrover, wakampitisha juu ya ile mistari hadi getini. Malimi alinyanyuka amfuate. Pingu zikamrudisha.

"Wanampeleka wapi?"

"Chumba cha maiti. Ana ndugu wa kumchukua?"

"Kuna mama. Magu. Hana nauli ya kuja."

"Hakuna mwanamume wa kumpeleka nyumbani?"

"Niko mimi."

"Wewe unakwenda na sisi," askari alisema, na akamsukuma taratibu kuelekea kwenye gari.